Uso wa Kabla

3 Februari

Kurwa, dada yangu,

Hujambo wewe, na mama hajambo? Magoti yake yanasemaje baada ya ile dawa mpya ya kuchua? Mimi mwili mzima, ila moyo umelala upande. Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu simuni mama hutega sikio, na haya sitaki ayasikie.

Wameniondoa kaunta. Miaka yote hii nimesimama pale nikiuza krimu na manukato, nimewafunza kazi wasichana ambao leo ni mameneja. Jumatatu bosi akaniita ofisini, akanikaribisha kiti, jambo ambalo hajawahi kulifanya, nikajua limenifika. Akasema, "Wewe ni hazina yetu." Kisha akasema kuanzia kesho hazina itakaa stoo. Eti mteja hawezi kununua krimu ya kuondoa mikunjo kwa mtu mwenye mikunjo. Alisema hivyo hivyo, akitabasamu, kama anayenitajia bei ya sabuni.

Sasa nafungua maboksi chini ya ngazi. Hakuna dirisha, hakuna kamisheni, na kodi ya chumba changu iko pale pale. Jiji hili hata kukohoa kuna bei yake.

Basi nimefanya jambo, usinicheke. Nimekwenda kwa daktari wa nyuso. Kliniki yake iko ghorofa ya juu kabisa, mtaa wa mabenki, mlango hauna hata kibao; wanaoijua wanaijua. Kuulizia bei tu unalipa. Kuna mshauri wa wateja pale, dada mmoja mwenye sauti kama maziwa vuguvugu, akanitajia bei kipande kwa kipande kama tuko buchani: kope za juu bei yake, kope za chini bei yake, mashavu, kidevu, shingo. Nikitaka vyote ni mshahara wangu wa miaka miwili, mradi nisile na nilale nje. Nikamwambia mwenzangu wa stoo alivuka mpaka akafanyiwa kwa robo ya bei hiyo. Akaniuliza kwa upole, "Na sasa anaweza kufumba macho?"

Hawezi. Jicho la kushoto analala nalo likiwa wazi.

Nimekuambia wewe kwanza kwa kuwa uso wenyewe ni wetu wawili.

Ni mimi Doto wako.


21 Februari

Doto mdogo wangu,

Sisi huku tunapumua. Magoti ya mama yamepoa, mdomo ndio haujapoa. Jana kagombana na muuza mkaa mpaka majirani wakatoka nje kusikiliza. Mimi kikohozi cha vumbi tu, unajua sponji za makochi ya watu zilivyo.

Barua yako nimeisomea karakanani, nimekalia kochi la wakili ambalo sijalimaliza. Kwanza nilimkasirikia bosi wako. Mtu akikuita hazina halafu akakufukia chini ya ngazi, huyo anakucheka. Lakini nilipofika kwa huyo daktari hasira ikakatika, kikaja kinyaa. Wanakupasua mbele ya sikio, wanavuta ngozi, inayozidi wanaikata, wanashona? Hiyo ni kazi yangu mimi. Kochi likilegea navua kitambaa, navuta, nakata, napigilia. Ila kochi halina mama.

Na hiyo ya jicho lisilofumba imenifanya nisukume sahani pembeni. Nimeiona tangu jana kila nikifumba langu.

Una mikunjo, ndiyo. Ninayo. Huu wa katikati ya nyusi ulinianza mwaka baba alipolazwa, na wako ulianza mwaka huo huo, hapo hapo, wewe ukiwa huko na mimi huku. Waulize hao kama nao una bei.

Kazi ikikushinda rudi. Karakana inahitaji mtu wa kuongea na wateja vizuri, mimi nawatukana. Hutavaa sare wala hutanukia, lakini utakaa kwenye kiti. Viti tunavyo.

Dada yako, Kurwa.


15 Machi

Kurwa dada,

Salamu zako nimezipata zote, hata matusi. Nafurahi mama ana nguvu za kugombana, ndiyo afya yenyewe hiyo. Mimi nimeanza kuzoea stoo.

Yale ya kliniki tuyaache. Bei imenishinda, nawe umenisema vya kutosha. Nina habari nzuri zaidi: nataka uje. Miaka mingapi unasema utakuja kuniona, na kila mwaka kuna kochi la mtu? Nimepata tiketi yako, ya kwenda na kurudi, usiniulize nimeipataje, kuna mtu kanisaidia. Uje mwishoni mwa Aprili. Nitakutembeza, utaona lile duka, utaona bustani yenye maji yanayoruka, tutalala kitanda kimoja kama zamani na utanipiga mateke.

Tafadhali Kurwa, usinikatalie hili.

Doto wako.


2 Aprili

Doto,

Uzima upo, shukrani. Mama amesikia habari ya safari akalia, kisha akaanza kunipangia nguo za kuvaa kama naolewa. Binamu atakuja kukaa naye. Kochi la wakili nimelimaliza, mengine nimeyakataa.

Sijawahi kulala nje ya nyumba hii zaidi ya usiku mmoja, tangu baba alipokufa. Nikupe ukweli, nimefurahi mpaka naona aibu. Nimejinunulia viatu. Nimejitazama kwenye kioo cha dukani nikakuona wewe ukinicheka.

Huyo aliyekusaidia tiketi mwambie asante, Mungu amzidishie. Nikija nitamshukuru kwa mdomo wangu.

Dada yako, anayehesabu siku, Kurwa.


11 Mei

Doto,

Nimefika. Mama mzima, nimemdanganya kwamba nimerudi mapema kwa sababu ya baridi. Mimi sijui kama ni mzima. Tangu nitoke huko chakula kinapita tu, hakina ladha.

Pale kwenye uwanja wa ndege ulilia ukasema hukujua watafanya vile. Wewe ulikuwa chumba cha pili na daktari, hukuona, kwa hiyo nitakueleza, ili usiwe na kisingizio cha kutojua.

Uliniambia tunakwenda kupigwa picha ya ukumbusho, kuna rafiki yako ana studio nzuri. Nikavaa viatu vyangu vipya. Yule dada wa sauti ya maziwa akanipokea kama mama yake mzazi, akaniketisha, akachukua pamba akanifuta poda niliyopaka. Nikafikiri ndivyo wafanyavyo. Wakawasha taa kutoka chini, hapa kidevuni, taa ambayo hata mtoto mchanga ingemzeesha. Mpiga picha akasema nishushe kidevu. Nikashusha. Akasema zaidi, nilegeze mashavu, niache mdomo uning'inie. Mimi nikacheka, nikamwambia, "Baba, hii picha ni ya mimi na pacha wangu, si ya polisi."

Akasema, "Usicheke. Wewe ni Kabla."

Nikauliza Kabla ndiyo nini. Akamwita yule dada. Yule dada akaja na kalamu nyeusi, akaanza kunichora usoni, mistari chini ya macho, duara kwenye mashavu, mishale shingoni. Huku anachora, mpiga picha akizidi kupiga, ananieleza, taratibu, kama anamlisha mgonjwa: watamfanyia mdogo wangu uso wote bure, halafu watatuweka pamoja, mimi kushoto na yeye kulia. Damu moja, siku moja ya kuzaliwa, mmoja Kabla na mwingine Baada. Hakuna tangazo lililowahi kuwa safi namna hiyo, akasema. "Dada yako hakukueleza? Na tiketi tumelipa sisi."

Kumbe ndiye niliyekuwa namwombea Mungu amzidishie.

Kwenye meza karibu na mkono wangu kulikuwa na chupa ya kioo, ndani yake kitu cha njano kizito, kama mafuta ya kuku yaliyoganda. Nadhani niliitumbulia macho, maana akanieleza na hiyo: ni mafuta ya mteja wa asubuhi, yametolewa tumboni, mchana atarudishiwa mashavuni. Alisema bila hata kukunja pua. Kisha akaniletea karatasi niweke sahihi.

Nilisimama nikatoka. Nimeshuka kwa ngazi, nimepita mtaa wote ule wa mabenki na mishale shingoni, watu wanapisha. Wewe unanikimbilia nyuma unaniita, na mimi najifuta kwa mate, na wino haufutiki.

Mimi sikuumbwa niwe ubaya wako, Doto. Uso huu siuonei haya. Ninachokionea kinyaa ni kwamba uliutazama ukaona bei.

Kurwa.


1 Juni

Dada,

Naamini kikohozi kimetulia, na mama amekubali ile habari ya baridi. Mimi mgongo unauma kwa kuinua maboksi.

Nimekosa. Ningekueleza mapema usingekuja, na nilitaka uje. Hilo ni kosa langu na sina la kujitetea. Lakini nawe nisikilize. Wewe una karakana, una mama, una nyumba ambayo hakuna anayekudai kodi. Ukikunja uso wateja wanaogopa wanalipa haraka. Mimi huku nina uso, basi. Uso huu ndio ulioezeka paa la mama. Ndio ulionunua mashine yako ya kushonea ngozi. Hela zilipokuwa zinakuja hukuniuliza zimetoka kwenye shavu au kwenye kope.

Unazungumza habari za kinyaa. Nikuambie kinyaa ni nini: ni kufika umri wetu na kula mkate umesimama, chini ya ngazi, kwa sababu stoo haina kiti, huku juu ya kichwa chako viatu vya wasichana uliowafunza vinapanda na kushuka.

Nitafanyiwa. Wamekubali. Zaidi ya hapo usiniulize.

Doto wako.


19 Julai

Kurwa dada,

Hukujibu, lakini nakusalimu hivyo hivyo, na mama umsalimie. Usimwambie niliyonayo.

Imekwisha. Naandika nimekaa wima kwa sababu siruhusiwi kulala. Kichwa kimefungwa kama kifurushi. Nyuma ya kila sikio kuna mrija unaotoa maji mekundu, unaishia kwenye kibakuli cha plastiki ninachokibeba mkononi nikienda chooni, kama mtu anayebeba taa. Mbele ya masikio ni pini za chuma. Uso umevimba mpaka midomo haikutani, natokwa na mate, nanyonya supu kwa mrija. Chini ya bendeji kunanuka, dada. Kunanuka kama kitambaa cha jikoni kilichosahaulika kwenye maji. Nimemwambia nesi, akasema ni kawaida.

Jana wamenifungua kidogo, nikaomba kioo, nesi akasema bado. Nikajitazama kwenye kijiko. Sikuona mtu.

Nakutaja sana, ila nikiita hakuna anayekujua hapa.

Doto.


3 Agosti

Doto mdogo wangu,

Pole. Nimesoma barua yako nikatoka nje kutema mate, nikarudi nikaimaliza, na usiku wake sikulala. Nakuchukia kwa ulichofanya na wakati huo huo nasikia nyuma ya masikio kunauma. Mama kaniuliza mbona najishika kichwa. Nimemwambia ni jua.

Maji mekundu yakigeuka rangi, mwite daktari, usikubali hiyo "kawaida" yao. Usivute pini. Kunywa vitu vya vuguvugu.

Swali langu ni moja tu: umelipa kwa kitu gani? Mimi sikuweka sahihi.

Kurwa dada yako.


30 Agosti

Kurwa,

Shikamoo ya utani, maana sasa nikisimama nawe watasema mimi ni mwanao. Nimepona! Uvimbe umekwisha, pini zimetoka, kovu liko ndani ya nywele halionekani. Bosi kanishika mkono mbele ya watu na kunirudisha kaunta. Wateja wanakuja kuniuliza natumia krimu gani, na mimi nawauzia ile ya bei ya juu kuliko zote.

Kucheka bado kidogo kunavuta, na sehemu ya shavu la kulia haina hisia, nikinywa chai sijui kama imemwagika mpaka nione kwenye nguo. Daktari anasema itarudi.

Mama ana hali gani? Nimeweka hela kidogo ya dawa zake. Yale uliyouliza tutayaongea siku moja, ana kwa ana.

Doto wako.


17 Oktoba

Doto,

Mama hajambo. Mimi sikusalimu kwa moyo, nakusalimu kwa sababu barua huanza hivyo.

Juzi mwalimu wa hesabu alikuja kuchukua viti vyake. Badala ya kuvitazama akawa ananitazama mimi, kisha simu, kisha mimi. Nikamuuliza nina nini. Akaona haya, akanigeuzia simu. Nipo. Taa ile ya chini, kidevu kimeshuka, mdomo umening'inia, mistari ya kalamu. Chini yake pameandikwa KABLA. Pembeni mtu anang'aa kama sahani iliyooshwa sasa hivi, ameandikwa BAADA. Na maneno: pacha wa damu moja, mmoja alichagua.

Mwalimu hana kosa, alitumiwa na shemeji yake, naye katumiwa na mwingine. Mpaka jioni mtaa mzima ulikuwa nayo. Jana muuza mkaa kaniita, "Mama Kabla, leo unachukua gunia au debe?" Hakukusudia ubaya. Jina limeshika kama gundi, wateja wangu wapya watanijua kwa hilo.

Nikaona bora mama aione kwangu kuliko kwa watu. Nikamvalisha miwani. Akaishika simu mbali, akaileta karibu. Akaniuliza, "Nani kakupiga, mwanangu?" Nikamwambia hakuna aliyenipiga. Akaisogeza. "Na huyu mgeni wa pembeni ni nani?"

Nikamwambia, "Mama, huyo ni Doto."

Akanirudishia simu, akavua miwani. Akasema, "Usinitanie na watoto wangu." Mpaka sasa nimeshindwa kumshawishi, na sijui kama nataka kumshawishi.

Waambie waishushe. Sikuweka sahihi. Wameipata wapi ruhusa?

Kurwa.


20 Novemba

Kurwa, dada yangu,

Sijui nikusalimu vipi. Nimeandika barua hii mara nyingi nikaichana. Natumaini mama ana afya.

Ruhusa nimewapa mimi. Ulipoondoka picha walikuwa nazo tayari, zilibaki bila sahihi. Nilivaa ile kanga yako ya kichwani uliyoisahau, nikaenda nikasema mimi ni Kurwa, nimefikiri upya. Nani angebisha? Sahihi yako naijua tangu shule, nilikuwa nakusainia ripoti za nidhamu. Hawakuuliza hata kitambulisho.

Nilipopata barua yako nilikwenda kuwaomba waishushe. Nikasema dada hataki tena. Yule mshauri akaniambia kwa upole wake ule, dada alikubali, ataendelea kuwepo. Picha ikishuka, bei inarudi palepale ilipokuwa siku ya kwanza, yote, kope na mashavu na kidevu na shingo, na nitalipa mimi. Kurwa, sina. Nikilipa hiyo nitazeeka nikilipa.

Nakuomba iwe hapo mwaka mmoja tu. Matangazo hubadilishwa, watu husahau. Hapo mtaani nao watachoka. Nionee huruma.

Doto wako.


5 Desemba

Doto,

Mama hajambo.

Usiniandikie tena.

Kurwa.


22 Juni

Kurwa dada,

Uliniambia nisiandike, nikatii. Natumai mama anapata usingizi na wewe kifua hakikusumbui. Leo navunja amri yako kwa sababu kuna habari unayostahili kuisikia kutoka kwangu.

Baada ya mwaka mpya, duka letu na kliniki waliungana kibiashara. Bosi akatundika ile picha nyuma ya kaunta yangu, kubwa kuliko mlango, wewe kushoto na mimi kulia. Kila mteja alikuwa anaitazama, halafu ananitazama mimi, halafu anafungua pochi. Mimi nilijizoeza kutogeuka.

Siku moja wakaja mama na binti yake, watu wa hela. Yule mama akakutazama kwa muda, akakunja pua kama mtu aliyekanyaga kitu. Akasema, "Afadhali nife kuliko kufika hapo." Binti akacheka, akaniuliza, "Huyu bibi ni nani kwako?"

Nikasema, "Simjui. Wamemtoa huko mahali fulani."

Wakacheka, na mimi nikacheka nao. Uso wangu haukunyanyuka, hauwezi, ila sauti ilitoka. Niliisikia ikitoka kwenye uso uliotulia kama maji ya ndoo. Niliwafungia krimu yao, nikawapa chenji yao, nikaenda chooni nikatapika mpaka nyongo. Nilipoinua kichwa nikajiona kwenye kioo, kamasi na machozi yanatiririka, na sura bado imependeza. Nilitamani kuibandua kwa kucha.

Sikurudi kaunta. Nilipanda kliniki na sare yangu ya kazi. Nikamwambia yule mshauri, "Dada yangu hakuwahi kuweka sahihi. Niliweka mimi."

Akauliza, "Unasema umeghushi?"

"Nimeghushi."

"Unajua maana yake?"

Nikamwambia, "Najua. Ishusheni."

Akaniita mjinga, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ya mtu wa kawaida. Bei yote imerudi, nimekubali kulipa kidogo kidogo. Bosi alipopata habari alinifukuza siku hiyo hiyo. Hazungumzii hazina tena. Sasa napiga pasi mashuka kwenye chumba cha kufulia cha hoteli, nimehamia chumba kimoja na wanawake wengine wawili. Siku ya mshahara sehemu kubwa inapanda ile ghorofa ya juu. Na shavu la kulia limeanza kushuka. Nilimwuliza daktari, akasema ni kawaida, uso wa namna hii hurudiwa kila baada ya muda, na bei ya kurudia akaitaja hapo hapo.

Jana, baada ya malipo ya kwanza, ndipo wameishusha ya dukani, na ya simuni wameifuta, ingawa iliyokwisha kutumwa kwa watu haifutiki, wamesema. Niliwaomba wanipe ile kubwa. Mlinzi akanikatia upande wako. Haikuingia kwenye basi, nikaibeba kwa mguu, uso wako mbele na mimi nyuma, watu wanapisha. Nyumbani nikakata lile neno kwa kisu. Nimekusimamisha kando ya kitanda.

Wenzangu wameuliza ni nani. Nimewaambia ni pacha wangu. Wametutazama wote wawili, hawajaamini. Zamani hatukuwa na haja ya kumwambia mtu.

Doto wako, kama bado.


15 Julai

Doto mdogo wangu,

Huku wazima. Mama alipata mafua, yamepita. Na wewe, hilo joto la pasi linakuachia pumzi?

Barua yako nimekaa nayo siku kadhaa kabla ya kuishika kalamu. Hapo uliposema "niliweka mimi," nilikuheshimu. Hapo uliposema "simjui," nilikuchukia, na chuki hiyo ipo bado, sitakudanganya kwamba imekwisha kwa sababu umelia. Kuna siku nanawa uso nakumbuka ile kalamu na nasikia kinyaa, nautupa mkono kama umegusa mdudu. Wapo wanaoniita Mama Kabla mpaka leo. Nimeacha kugombana nao. Juzi niliitika kabla sijafikiri.

Mama nimemsomea barua zako zote, za mwanzo mpaka hii, pamoja na ile ya sahihi. Alizichukua, akazikunja. Kisha akauliza kama mashuka ya hoteli yanaunguza mikono. Nimemwambia sijui, atakuuliza mwenyewe.

Deni lako sitalilipa hata senti. Ni lako. Lakini ukipata likizo, njoo. Siku ya kwanza sitakukumbatia, usinisubirie. Nitataka kukutazama kwanza, nikuzoee polepole. Mama naye anaweza kukuita mgeni. Mvumilie, mkae naye, umsimulie mambo ya utotoni ambayo mgeni hayajui.

Hiyo picha ichane. Usiiweke kando ya kitanda, usinitunzie, usinikate vizuri. Ni mimi wa asubuhi moja tu, na asubuhi hiyo siipendi. Mimi mwenyewe nipo, karakana haijahama.

Pacha wako.